Kidole Gumba cha Bi Chausiku

Jino la Kaizari lilipouma, watu laki tatu tulishika mashavu. Wapishi waliacha vyungu vikaungua, madereva walisimamisha magari katikati ya njia, na bwana harusi mmoja wa kuba ya mashariki alilia mbele ya kadhi mpaka wakwe wakadhani amebadili mawazo. Mganga wa meno wa ikulu alipoling'oa hatimaye, nchi nzima ilitema mate kwa pamoja. Ukibisha, muulize mtu yeyote wa Mirihi mwenye umri wangu. Nina miaka arobaini, na usinicheke, mwaka wa huku unakaribia miwili ya Duniani. Ningekuwa Duniani, ningekuwa babu wa kupishwa kiti.

Vijana wa sasa wanatushangaa sisi wazee tunavyojigusa nyuma ya sikio la kushoto tukiwa na mawazo. Pale ndipo ilipokaa punje. Na punje ilianza na Malugu Kasenga, ambaye nilimjua kabla hajawa Kaizari, kabla hajawa jenerali, alipokuwa mtoto wa Bi Chausiku tu, mwembamba, kichwa kikubwa, na mama yake akimwita Kijiti kwa sababu alifanana na kijiti cha kiberiti.

Yeye alikuwa wa Tumaini, mimi wa Subira. Hizo ndizo merikebu mbili zilizowaleta babu zetu. Tumaini ilitangulia. Subira ilichelewa njiani, na ilipotua ikakuta wale wa kwanza wameshakula vitunguu vyote vya mbegu, vilivyoletwa vipandwe kwa ajili ya wote. Watu walikuwa tayari kuuana. Wazee wakakaa, wakaona hewa yenyewe haitoshi vita, wakaamua tuwe watani. Tangu hapo mtu wa Subira ana haki ya kumwita mtu wa Tumaini mwizi wa vitunguu mbele ya mkwewe, na kumnyang'anya nyama mezani. Yeye naye ana haki ya kutuita wasinziaji wa angani. Hakuna anayeruhusiwa kununa. Na msibani mtani ndiye mwenye kazi: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, kisha analala kaburini na kugoma kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Wakicheka, maiti anazikwa.

Tulipokuwa vijana, mimi na Kijiti tulifanya kazi nje, kwenye mabomba ya barafu. Huko nje tundu dogo kama jicho la sindano linatosha kukuua. Bi Chausiku alikaa kwenye kigoda kando ya mlango wa hewa, na hakuna kijana aliyetoka bila kupita mikononi mwake. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa shingo, pale kofia inapokutana na vazi, taratibu, mzunguko mzima, huku anauliza, "Umekula?" Ukishajibu, anakupiga begani: "Hapa hapavuji. Nenda." Hata sisi wa Subira alitupitishia, ingawa alitutukana kwanza.

Sasa hivi nikikumbuka ujana wangu sikumbuki sura za wasichana. Nakumbuka kile kidole.

*

Vita vya Barafu vilianza Wakaskazini walipofunga bomba kuu. Tulikuwa na bunduki za kutosha, tena nzuri kuliko zao, lakini jeshi letu lilikuwa na ugonjwa mmoja: lilikimbia. Usitulaumu. Askari wa Duniani akipigwa risasi ya mguu anachechemea. Wa Mirihi, vazi likishatoboka tu, ndiyo safari. Kila jiwe lililopasuka karibu yetu lilituma kikosi kizima mbio hadi nyumbani.

Kijiti peke yake hakukimbia. Alikuwa kapteni wakati huo, na mhandisi mmoja kijana, Ombeni, miwani yake imefungwa kwa waya, alikuwa anapima mapigo ya moyo wa askari wote kutoka mbali. Aligundua jambo la ajabu. Risasi zikianza, mioyo yetu sote inapiga kama ngoma ya harusi, wa Kasenga unapunguza mwendo. Ombeni akajiuliza kama utulivu ule unaweza kugawiwa watu, kama supu.

Akatengeneza punje, ndogo kama ya ulezi, inaingizwa chini ya ngozi kwa sindano. Punje moja kubwa, ya kurusha, akampa Kasenga. Ndogo, za kupokea tu, akatupa sisi. Katikati akasimamisha mnara. Chochote alichokihisi Kasenga kilipanda mnarani na kutushukia.

Siku ya Genge la Barafu, ule mwamba uliosimama wima kama ukuta, nilikuwa nyuma yake hatua chache. Mawe yalipoanza kupasuka nikaisubiri hofu yangu, niliyokuwa nimeizoea kama shemeji asiyebisha hodi. Haikuja. Badala yake likanijia jambo la baridi, tulivu, lenye kicheko kidogo pembeni, nami nikajua papo hapo ni la Kijiti. Nilijua hata kwamba ana njaa. Tulipanda lile genge tukiimba, kila mtu kwenye redio ya kofia yake, na sauti zetu mbaya ziliingiliana mpaka zikawa nzuri. Wakaskazini waliona watu wasiokimbia kwa mara ya kwanza, wakakimbia wao.

Sijawahi kuwa na wenzangu vile tena. Nimeoa, nimezaa, nimezika, nimecheza bao na marafiki wa kweli. Lakini moyo mmoja katika vifua vyote vile, hapana, huo sijauona tena.

*

Tuliporudi walimbeba mabegani. Wakampa ujenerali, kisha uenyekiti wa kuba zote. Halafu raia wenyewe wakaja kupanga foleni kwa Ombeni, wakitaka punje. Unajua upepo wa Mirihi unavyopiga kuba tunamoishi, chuma kinalia, mtoto anauliza kama itapasuka, na wewe mzazi huna jibu. Nani asingetaka kulala na utulivu wa jenerali? Kufikia mwaka wa pili hapakuwa na sikio lisilo na punje, na waliompa uenyekiti wakaona ni cheo kidogo mno kwa mtu aliyemo ndani ya kila mtu. Wakamfanya Kaizari. Dhahabu hatukuwa nayo, kwa hiyo taji lilitengenezwa kwa pete ya vali kutoka merikebu ya Tumaini. Siku ya kumvisha nikamwambia mbele ya mabalozi kwamba hatimaye mwizi wa vitunguu amepata cha kufungia shingo ya gunia. Alicheka, na nchi nzima ikacheka bila kujua kwa nini. Mkunga mmoja aliniambia baadaye kwamba yeye na mzazi walicheka pamoja mpaka mtoto akatoka mwenyewe.

Akanipa cheo cha Mtani Mkuu. Kazi yangu ilikuwa kumtukana kila Ijumaa baada ya chakula.

Ndipo likaja lile jino. Baada ya jino, Ombeni aliamriwa aweke chujio pale mnarani. Maumivu yasipite, hofu isipite, huzuni isipite. Kipite kinachowafaa watu: ushujaa, kushiba, kicheko. Tukakaa miaka ya raha, na sitawadanganya, ilikuwa raha kweli. Lakini punje zetu zilipokea tu. Hakuna hata moja iliyorudisha kitu kwake. Kaizari alipoamka na furaha alitazama dirishani, akaona nchi nzima ina furaha, akahitimisha kwamba anatawala vizuri. Mawaziri waliotaka kumwambia kuhusu upungufu wa maji waliingia ofisini kwake na wasiwasi, wakatoka wakitabasamu, wamesahau walichofuata.

Akaanza kuchoka. Mtu aliyezoea Genge la Barafu hawezi kushiba kwa mikutano ya mabomba. Siku moja akaniambia anataka kuvuka korongo na kuichukua Kaskazini yote, barafu na watu wake. Nikamwuliza wamefanya nini safari hii. Akasema hawajafanya kitu, lakini hakuna mtu wetu hata mmoja anayepinga. Nilijigusa nyuma ya sikio. Ni kweli, hata mimi nilikuwa naona ni wazo zuri.

Usiku, Kaizari alipolala na shauku yake ikatulia, ndipo nikakumbuka kwamba Siwazuri yumo jeshini.

*

Siwazuri ni mwanangu pekee. Alipokuwa mdogo, kabla ya punje, aliogopa kila kitu. Pampu ya hewa ikibadili mlio tu, anaingia chini ya kitanda, na mimi naingia naye, tunalala humo wote wawili na vumbi. Wiki ile jeshi lilipofika ukingo wa korongo alinipigia simu. Alikuwa mstari wa mbele. Ng'ambo, bunduki za Wakaskazini zilionekana zimepangwa kama meno. Akaniambia, kwa sauti nyepesi, "Baba, siogopi kitu."

Nikamjibu vizuri, nikamwombea. Nilipokata simu nikatazama chini ya kitanda kama mjinga.

Wiki hiyo hiyo Bi Chausiku akafa usingizini. Kaizari hakutoka chumbani siku nzima, na hakuna aliyehisi chochote. Chujio lilifanya kazi yake. Watu waliendelea kula na kutaniana sokoni, habari ya msiba ikasomwa redioni kama bei ya mchele. Ikatangazwa kwamba mazishi ni asubuhi, na kwamba kutoka makaburini Kaizari atapanda jukwaani, awape askari mori wa kuvuka.

Jioni Ombeni akaja kwangu. Nywele zilikuwa zimeshaota mvi, waya wa miwani ulikuwa ule ule. Hakukaa.

"Mzee Mwinchande," akasema, "kesho usimvae Bi Chausiku."

Nikamwuliza tangu lini wahandisi wanawapangia watani kazi. Akanieleza akiwa amesimama. Chujio linajua kilio, linakifungia. Linajua kicheko, linakifungulia. Lakini kuna kicheko kinachoanza kama kicheko na kugeuka katikati. Kikishaingia mlangoni, chujio halina jinsi ya kukirudisha, na kikiwa kikubwa kinaweza kuuvunja mlango wenyewe.

"Kicheko cha msibani sikukipima," akasema. "Nilikisahau."

"Wewe ni wa Tumaini. Mngekumbuka kitu tungekula vitunguu."

Hakucheka. Akasema kwamba Kaizari hajalia hata chozi, na yote yale yamo ndani, yanasubiri. Yakipita, kila askari ukingoni atalia kama mfiwa, silaha zitamdondoka, na Wakaskazini wanamwona waziwazi. Wazee wenye mioyo dhaifu humu mjini huenda wasiinuke.

"Na binti yako yuko mbele kabisa," akamalizia.

"Yasipopita?"

Ombeni alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Watavuka," akasema. "Zile bunduki zitawapiga wakitabasamu."

Hakunikataza tena. Alipoondoka nililitoa begi la mtani, mle ninamoweka kanga na vilemba vya kazi, nikalirudisha, nikalitoa tena. Nikimvaa Bi Chausiku, huenda ninamuua mwanangu akiwa analia. Nisipomvaa, atakufa anacheka, tena kicheko si chake. Mtu ambaye ningepaswa kumwomba ushauri alikuwa Bi Chausiku, naye nilijua angeuliza nini. Angeuliza kama mtoto amekula.

*

Kuba ya makaburi ina udongo mwekundu uliochanganywa na mbolea, kwa hiyo panaota nyasi kidogo. Kaizari alisimama mbele, sare ya sherehe imembana hadi kidevuni, taji kichwani, uso kama ukuta. Nyuma yake majenerali walikuwa wanaangalia saa.

Nilitokea upande wa wanawake na kanga yake ya njano, kigoda chake kwapani, nikiburuta nyonga kama yeye. Jenerali mmoja akanyoosha mkono anizuie. Kaizari akasema bila kugeuka, "Mwacheni. Ni mtani."

Nikashuka kaburini, nikajilaza, nikainuka na kulalamika kwa sauti yake ya kukwaruza kwamba humu hamna hewa, nani kajenga, bila shaka ni wale wasinziaji wa Subira. Watu wakaanza kucheka. Nikasema sitoki na simpishi maiti, maiti ni mimi. Nikamtukana Mwinchande, yaani mimi mwenyewe, kwa matusi yake aliyonitukana miaka yote pale mlangoni. Nikaona bega la Kaizari linatikisika. Halafu akacheka, na kile kicheko kikatushukia sote, kitamu, kama cha siku ya genge. Hapo ningeweza kuacha. Desturi ilikuwa imetimia.

Nikatoka kaburini, nikaweka kigoda mbele yake, nikapanda juu maana Bi Chausiku alikuwa mfupi. Nikamwuliza, "Kijiti, umekula?"

Alikuwa bado anacheka. Akatikisa kichwa kwamba hajala.

Nikaweka kidole gumba kwenye kola ya sare yake, nikakizungusha taratibu, mzunguko mzima. Nilihisi kidole changu mwenyewe shingoni mwangu. Kila mtu mle alipeleka mkono shingoni. Nilipofika nyuma, chini ya sikio la kushoto, nikasimama.

"Hapa panavuja, mwanangu," nikasema. "Usiende."

Kicheko kiligeuka. Sina namna ya kukieleza. Niliona mdomo wake unaendelea kucheka wakati macho yameshaanza jambo jingine, kisha akanikumbatia kiunoni, akalia kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni. Na sisi sote tukalia. Majenerali walikaa chini kwenye udongo na saa zao. Mjini, mambo yalisimama. Sikulia kwa ajili ya Bi Chausiku nilivyomjua mimi, nililia kwa ajili ya mama yake Kijiti, alivyomjua yeye, harufu ya kanga yake akiwa mgongoni, vitu ambavyo sikuwahi kuviona.

Kaizari aliponyanyua kichwa, akatazama. Watu waliolala chini, watu walioshikana. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaona uso wake kwenye nyuso zetu na hakuupenda.

"Nani kawaliza hawa?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Ni wewe, mtani."

Akamwita Ombeni, akamwambia azime mnara. Ombeni akauliza mpaka lini. Kaizari akavua taji.

*

Yaliyotokea ukingoni alinisimulia Siwazuri mwenyewe. Walikuwa wamejipanga wakisubiri mori. Kwanza wakacheka, wakafurahi, wakajua Kaizari yuko sawa. Halafu akahisi kidole shingoni, kinazunguka mshono wa kofia, na wenzake walikuwa mbali naye hatua kadhaa, hapakuwa na mtu wa kumgusa. Kisha bunduki ikamtoka mikononi. Walikaa wote chini, jeshi zima, wakilia ndani ya kofia mpaka vioo vikapata ukungu.

Ng'ambo waliwatazama muda mrefu. Wakadhani ni hila. Baadaye redio ikakwaruza, na sauti ya mwanamke wa Kaskazini ikauliza kwa tahadhari, "Jamani, nani amefariki?"

Siwazuri ndiye aliyejibu. Alisema, "Mama."

Hakueleza ni wa nani. Yule mwanamke akasema, "Poleni sana," na mwingine nyuma yake, na mwingine, mpaka redio yote ikawa poleni. Hakuna anayempiga risasi mfiwa, hata Mirihi. Wakawavushia kwa kamba mitungi ya chai, yenye mipira ya kunyonyea ndani ya kofia.

Halafu mnara ukazimika, na mwanangu akaogopa. Alisema ilimjia yote kwa mpigo, miaka mizima ya hofu iliyokuwa inamngoja. Alitambaa kurudi nyuma akilia kwa ajili yake mwenyewe sasa. Alipofika nyumbani aliingia chini ya kitanda na buti zake, nami nikaingia naye, ingawa magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunigomea.

Si wote walioinuka siku ile. Mzee Kibwana wa kuba ya tatu, aliyenifundisha bao, alikutwa ameinamia meza. Ombeni alikuwa amesema kweli. Naenda kaburini kwake kila mwaka na kete, nacheza pande zote mbili, na yeye ndiye anayeshinda.

Watu walimlaumu Kasenga, wengine kwa kuwatawala, wengi zaidi kwa kuacha. Upepo ukipiga, utasikia mzee anasema afadhali enzi za Kaizari. Na mimi husema hivyo. Nikiamka kwa ule mlio wa chuma, mkono unakwenda wenyewe nyuma ya sikio, na pale pako kimya.

Taji alinipa mimi, kama ujira wa kutoka kaburini. Nimelifunga kwenye pampu ya shamba la vitunguu, maana lilikuwa pete ya vali, na hiyo pampu ilikuwa inavuja.

Shamba ni letu wawili, mimi na Kijiti. Anakaa nyumba ya pili, kichwa bado kikubwa, amebaki mifupa. Asubuhi ya leo tulikuwa tunatoka nje kukagua bomba. Nilivaa kofia. Akanisogelea bila kuambiwa, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wangu wa shingo, mzunguko mzima, anakawia kawia kwa sababu mkono wake unatetemeka siku hizi.

"Umekula?"

"Nimekula, mwizi wa vitunguu."

Akanipiga begani. "Hapa hapavuji. Twende."

Mlango ukafunguka. Niliogopa kidogo, hofu yangu mwenyewe, nikatoka nayo.